Chai ya Mzee na Kopo la Vifungo

Nyumbani kwa Mzee,
Chumba cha mbele, juu ya meza ya kukatia nguo.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Kabla ya yote, hujambo? Na mtoto je, kikohozi chake ulichokitaja kimeondoka au kimehamia kifuani? Miguu yako nayo naiulizia, maana mtu anayesimama zamu nzima mbele ya mashine za kufulia mashuka ya hospitali lazima miguu imwambie ukweli. Sisi huku tu wazima, kwa kiasi kile ambacho mtu husema mzima bila kudanganya sana. Mimi mgongo ndio unaolalamika, ugonjwa wa waandishi wa habari waliozeekea kwenye viti vya kungojea wakubwa. Wifi yako hajambo, na sweta uliyomtumia imemkaa sawasawa.

Mzee yu hai. Anakula, anakaa, na tangu jana ameanza tena kuwasema wateja. Najua hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta kwenye mistari hii, ndiyo maana nimelitanguliza.

Sasa barua yako. Uliniuliza swali moja: mke wa baba anamtilia nini Mzee kwenye chai, hata analala mchana kama mtoto mchanga? Ulinieleza ulivyomwona kwenye simu akisinzia katikati ya neno, na nyuma yake mama mdogo akija kuondoa kikombe harakaharaka. Ukataka nijibu kwa maandishi, kwa sababu maneno ya simu yakipita kwa Shangazi hutokea upande wa pili yamevaa nguo nyingine.

Shangazi mwenyewe alikwishaitisha kikao cha ukoo. Ikithibitika, mama mdogo afungashe atoke. Nikuweke wazi maana ya neno hilo. Wazazi wake walikufa, na nyumba yao wamegawana kaka zake. Akitoka hapa na begi lake, anatoka kwenda barabarani. Na Mzee, ambaye hajawahi kujua chumvi inakaa wapi, anabaki na cherehani.

Kwa hiyo nikaomba likizo nikaja. Nilisema nimekuja kupumzika. Mzee aliniamini. Mama mdogo hakuniamini, na kusema kweli hakuwa na sababu ya kuniamini.

Nilichokikuta ndicho ulichokiona, na zaidi. Chumba hiki cha mbele kimejaa kitambaa kizito cha sare za shule, kazi kubwa aliyoipata tangu mwanzo wa mwaka. Ukikikata kinatoa vumbi jembamba linalotua hadi kwenye kope. Mzee anapiga chafya, anafuta pua, anakanyaga cherehani, kisha kichwa kinaanza kushuka. Siku niliyofika sindano ilikuwa imempita kwenye ukucha wa kidole gumba. Mtu aliyeshona tangu sisi hatujazaliwa. Alikuwa amekifunga kitambaa na hakutaka kizungumzwe.

Alikuja dereva mmoja wa lori kuchukua suruali yake. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Fundi, umenishonea zipu nyuma. Sasa nikivaa hii, natembea kwenda wapi?"

"Nyinyi madereva mambo ya mitindo mtayajulia wapi?" Mzee akamjibu, lakini niliona ameona haya. Dereva alipotoka, Mzee aliichukua ile suruali akaanza kuifumua, na kabla hajamaliza mguu mmoja usingizi ukamchukua na wembe mkononi. Nikamtoa wembe.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo simu haiwezi kukuonyesha. Mdomo ulimkauka hata akawa anabandua ulimi kabla ya kusema. Alilalamika kwamba moyo unamkimbia kama gurudumu la cherehani iliyokatika mkanda. Na alikuwa anakwenda msalani, anakaa huko muda mrefu, anarudi na hasira. Nikamuuliza. Akasema, "Siku hizi magazeti yanaandika na habari za choo?" Nikaacha, lakini sikusahau.

Nikamgeukia mama mdogo. Nikuambie bila kumpendelea: mwenendo wake ulitia shaka. Chai alipika mwenyewe, akamimina mwenyewe, na nilipotaka kusaidia alinipokonya birika. Kikombe cha Mzee kikiisha tu, kinaoshwa. Kabati la ukutani, ambalo sisi tulikuwa tunaiba sukari humo, sasa lina kufuli, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la nguo. Nilimwomba anifungulie nitafute kikombe kikubwa.

"Vikombe viko kwenye kabati la vyombo," akasema.

"Na humu kuna nini?"

"Humo hakuna chako, mwanangu."

Alisema "mwanangu" kwa adabu kabisa, na macho yake hayakutoka kwenye mikono yangu hadi nilipokaa chini. Nimehoji mawaziri na wezi wa ng'ombe, najua mtu anayelinda kitu akoje. Alikuwa analinda kitu.

Nikafanya jaribio. Aliweka vikombe viwili mezani, changu na kile cha Mzee chenye mkono uliovunjika. Alipotoka kufuata kijiko, nikabadilishana na Mzee. Akacheka, akadhani ni utani. Nikanywa chai yake hadi tone la mwisho, nikakaa kwenye kiti kungojea usingizi. Sikulala. Aliyelala ni Mzee, aliyekunywa yangu, shavu juu ya kola ya mteja. Nilichogundua mimi ni kwamba ya Mzee hutiwa sukari zaidi.

Kwa hiyo chai ilikuwa safi, angalau siku ile. Hata hivyo sikumfuta mama mdogo kwenye orodha. Mtu asipokamatwa mlangoni, unamngojea dirishani.

Alhamisi asubuhi Mzee hakutoka chumbani. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka, mikono miwili ameshika tumbo chini ya kitovu. Mkojo ulikuwa umegoma kabisa. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti mbele yake anamsihi twende hospitali, na Mzee anakataa kwa sababu kuna sare za kukabidhi. Nilikodi gari. Njiani mama mdogo alikaa kati yetu, akamshikilia Mzee, na mimi nikawa namtazama yeye. Nakueleza hivi ili ujue kwamba hata saa ile sikuwa upande wake.

Hospitali walimwekea mpira wa kutolea mkojo, na uso wa Mzee ukabadilika kama mtu aliyeshushiwa gunia. Wakampima presha. Daktari aliangalia kipimo, akapima tena mkono wa pili.

"Mzee, unakunywa dawa gani?"

"Za presha tu, zile mlizonipa."

"Nyingine?"

"Sina."

Daktari akanitazama mimi, mimi nikamtazama mama mdogo, mama mdogo akanitazama mimi. Tulikuwa watatu tunaoshukiana kwenye chumba kisicho na nafasi ya kugeuza kiti.

"Hata za mafua?" daktari akauliza.

"Aa, za mafua," Mzee akasema. "Hizo nazo ni dawa?"

Daktari aliweka kalamu chini. Akamwambia hizo nazo ni dawa, na baadhi yake ni mbili ndani ya kidonge kimoja. Akataka kujua anazinywa kiasi gani na tangu lini. Mzee akasema kila asubuhi tangu kitambaa cha sare kilipoingia, cha njano kwa ajili ya chafya na siku hizi na cheupe kwa ajili ya pua kuziba. Wakati mwingine anarudia mchana, kazi ikiwa nyingi. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza anavyopanga vifungo.

Na kumbe alikuwa amevipanga kama vifungo. Vilikuwa nyumbani, kwenye kopo la vifungo, lile la bati lenye sehemu nyingi ndani. Maboksi yanajaza nafasi, anasema, kwa hiyo huvitoa vidonge vyote na kuvimwaga kwenye kopo kufuata rangi. Za presha ziko sehemu yake, nazo nyeupe, jirani na vifungo vya mashati. Mteja akiingia hamwoni fundi mgonjwa, anamwona fundi anayechagua kifungo. Ulitaka kujua ni nani aliyeficha kitu. Wa kwanza ni yeye. Aliogopa wakijua anaumwa watapeleka sare kwa fundi mwingine.

Daktari alitaka kuona boksi. Nikarudi nyumbani na mama mdogo kulitafuta, na hapo ndipo alipofungua pindo la nguo yake akatoa ufunguo. Kabatini hapakuwa na unga wa mganga wala chupa isiyo na jina. Palikuwa na maboksi yako, mdogo wangu. Yale uliyomtumia Mzee kwenye kifurushi cha mwanzo wa mwaka, vidonge vya njano, pamoja na mengine yaliyofuata. Mengi yalikuwa hayajafunguliwa.

Nikamuuliza kwa nini ameyafungia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akajibu bila kunikwepa.

"Niliona tangu yalipokuja ndipo baba yenu alipoanza kulala. Nikasema huyu binti yuko mbali, hanipendi, anamtumia baba yake kitu. Akilala moja kwa moja, nyumba ni ya nani? Si yangu."

"Mbona hukumwambia Mzee?"

"Nimwambie bintiye anamuua? Angenifukuza mimi. Nikayaficha, nikajua yameisha. Sikujua vidonge anavyo kwenye kopo."

"Na mimi je? Ulinidhania nini?"

"Wewe nilijua umetumwa naye," akasema. "Ndiyo maana birika na kikombe sikukuachia. Ulipobadilisha vikombe niliona. Nilikuwa mlangoni."

Nikachukua boksi moja, tukarudi hospitali.

Kwa hiyo ulikuwa unamshuku yeye kwa sababu ya kikombe, naye anakushuku wewe kwa sababu ya boksi. Shaka zenu zilikuwa na akili, maana nyote wawili mliona mtu yuleyule analala. Ila hakuna aliyemuuliza anayelala.

Na kuficha kule kulizaa tatizo la pili. Mzee alipoona maboksi hayapo, aliogopa za njano zitamwishia, akaenda duka la dawa la pembeni. Hakuwa na boksi la kuonyesha. Akaomba kitu cha pua, akakatiwa vidonge vyeupe. Nilikwenda kwa mwenye duka nikiwa nimekunja uso tayari. Ana tabasamu la mtu anayekumbuka kila kitu isipokuwa unachomuuliza.

"Hukumuuliza kama ana presha?"

"Nilimuuliza. Akasema dawa si yake, ni ya mteja wake, kijana, mzima kama chuma."

Nilimrudishia Mzee maneno hayo kitandani. Akatazama ukuta. "Wateja wangu wengi ni vijana," akasema.

Mfamasia wa hospitali ni mwanamke mwenye miwani mikubwa na subira ndogo. Aliweka boksi lako na karatasi ya vidonge vyeupe niliyoichukua dukani bega kwa bega, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo, yale yaliyo chini ya jina kubwa la biashara. Majina ya dawa zenyewe yalikuwa mawili kila upande, na yalikuwa yaleyale. Moja hukausha mafua na kuzuia chafya, na ndiyo inayoleta usingizi na mdomo mkavu. Ya pili hufungua pua kwa kubana mishipa ya damu, na haibani ya puani peke yake. Presha hupanda, moyo hukimbia. Kwa mwanamume wa umri wa Mzee, ambaye tezi dume imeanza kuvimba, zote mbili huzuia mkojo, kila moja kwa njia yake. Mtu wa presha au moyo hapaswi kuigusa dawa ya namna hiyo bila kumuuliza anayemtibu. Kadhalika mwenye tezi, kisukari au presha ya macho. Mzee alikuwa anainywa mara mbili kwa pamoja akidhani anakunywa vitu viwili.

Mzee alibisha hata akiwa na mpira.

"Mama, rangi ni mbili. Hata umbo si moja."

"Mzee wewe ni fundi," mfamasia akasema. "Mfanyabiashara akitia kitambaa kimoja rangi mbili, akauza kila rangi kwa jina lake, utasema una vitambaa viwili?"

Mzee akavichukua vile vidonge, akavisugua kwa kidole gumba kile kibovu kama anayepima uzi. "Rangi huwa naitazama mwisho," akasema. "Mwanzo natazama kitambaa. Hivi nilianza na rangi." Kisha akalala, safari hii kwa haki yake.

Sasa anatumia dawa moja ya aleji aliyopewa na daktari, ambayo hailazi wala haigusi presha, na anafunga kitambaa puani anapokata. Mpira umetolewa jana, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na mkojo unatoka. Za presha zimerudi kwenye boksi lake. Tafadhali usimtumie tena chochote cha mafua, hata kama kwenye tangazo kuna mzee anayekimbia na mbwa.

Kuna neno moja kwenye barua yako ambalo uliliandika kwa kupita, na kazi yangu ni kusoma yanayoandikwa kwa kupita. Ulisema mtoto akikohoa unamkatia nusu ya hivyohivyo vya njano, alale kabla hujaenda zamu. Nilimuuliza mfamasia. Alivua miwani. Alisema mtoto mdogo hapewi kabisa bila daktari, na dawa hailazimishwi kuwa yaya. Mwingine badala ya kulala hupagawa, na mwingine hulala kupita kiasi. Najua zamu yako na najua huna wa kukusaidia. Acha leo hii. Na wewe mwenyewe usiinywe ukasimama kwenye mashine zile.

Shangazi alikuja Jumamosi kama alivyoahidi, amevaa viatu vya msibani. Nilimweleza yote, boksi na kopo na mkojo. Alisikiliza, akauliza, "Basi mbaya ni nani?"

"Hakuna, Shangazi."

"Kila siku nyumba hii haina mbaya, lakini watu wanalala mchana. Mwanamke anayefunga kabati ana kitu."

"Alichokuwa nacho ni maboksi."

"Leo ni maboksi."

Mama mdogo alikuwa anaweka vikombe. Alifungua pindo, akauweka ufunguo mezani mbele ya Shangazi, akarudi jikoni. Shangazi aliutazama, hakuugusa. Chai yake nayo hakuinywa hadi aliponiona nimekunywa yangu. Mwishowe akasema mshtaki ni wewe, mimi ni shahidi tu, na kesi ya mshtaki haifutwi na shahidi. Kikao hakijafutwa, kimesimama. Anangojea neno lako, kwa mkono wako.

Nimemwambia mama mdogo kwamba nakuandikia, nikamuuliza kama ana la kuongeza. Alifikiri huku anapangusa meza. "Mwambie nilimdhania ubaya," akasema. "Yeye simwombi anipende. Aniandikie tu mwenyewe, asimtume mtu."

Ulitaka jibu, si porojo. Jibu ni hili: kwenye chai ya Mzee kuna majani, maziwa na sukari nyingi mno. Mimi sikuombi uniamini, maana nilikuja kwa likizo fupi na nimewahi kukosea kwa watu niliokuwa na hakika nao. Ndani ya bahasha nimeweka upande mmoja wa boksi lako, niliokata kwa mkasi wa Mzee, pamoja na ganda la karatasi ya vidonge vyeupe. Vitandaze mezani, tafuta maandishi madogo, linganisha mwenyewe. Ukimaliza, kabla hujaondoka mezani, chukua kalamu uandike barua mbili. Ya Shangazi iwe fupi. Ya mama mdogo usiifupishe.

Wifi yako anakusalimu, na Mzee pia, ambaye anataka vipimo vya mtoto, urefu wa mkono na upana wa bega, amshonee koti kwa mabaki ya sare. Nimemwambia zipu iwe mbele. Shangazi hakutuma salamu, lakini aliuliza kama unakula vizuri, nawe unajua kwake hiyo ndiyo salamu. Fundi viatu wa mlangoni anamuulizia "yule mdogo aliyekuwa analia viatu vikibana".

Mungu akulinde zamu zako, amlinde mtoto na vitu vyote tunavyompa kwa mapenzi bila kusoma.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ninapokushuku.